Shimo Haliandikwi

Kombe Sanga hakuwa na cheti cha shule yoyote. Hakuwa na mashua, wala baiskeli yenye breki. Hakuwa na mke, tangu mwaka ule Mto Sabaki ulipofurika na maradhi yakafuata maji. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na meno mawili ya mbele, aliyoyaacha kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni siku toroli lilipomrudia usoni. Hakuwa na ukucha wa dole gumba la kulia. Huo aliuchukua kaa. Hakuwa na simu ya kupiga picha, wala hakuitamani. Na hakuwa na mazoea ya kuomba radhi, kwa kuwa kwa hesabu zake mwenyewe hajapata kukosa kiasi hicho.

Alichokuwa nacho ni mashimo kumi na moja katika mikoko ya Mkondo wa Kidundu, na neno lake.

Mtu asiyeujua mkoko akisikia shimo hudhani ni tundu tu la tope. Shimo la kaa ni mali. Ukimtoa kaa mkubwa leo kwa kulabu, na usilibomoe shimo lake, baada ya siku chache kaa mwingine ataliona ni zuri na ataingia. Shimo lililochaguliwa vizuri, chini ya mizizi, mahali maji yanapobaki hata wakati wa kupwa, humlisha mtu maisha yake yote, na mwanawe baada yake. Ndiyo maana katika mkondo ule kila mwindaji alikuwa na yake, aliyoyarithi kwa babake au kwa mkwewe. Alikwenda peke yake, na alipotoka alifuta nyayo zake kwa tawi. Hata mkewe hakuonyeshwa. Sheria yao ilikuwa fupi, na hakuna aliyekumbuka ilianza lini: shimo halionyeshwi, shimo haliandikwi.

Kombe ndiye aliyekuja kuyaandika.

Alipofika miaka hamsini na minane alijiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima. Kila jioni ya Jumanne na Alhamisi aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimfikia kidevuni, mbele ya Mwalimu Damaris, mwanamke mnene mwenye subira. Alijifunza kusoma katika mwaka mmoja. Mwaka wa pili alijifunza sehemu na asilimia, na wa tatu akapewa karatasi ya miraba akafundishwa kuchora mstari wa idadi. Hapo ndipo aliposhikwa. Wenzake walitaka kusoma Biblia, Kurani au barua za watoto wao. Yeye alitaka kujua kaa wanakwenda wapi.

Maana walikuwa wakipungua. Zamani mwindaji alitoka na kaa wanane katika maji mamoja ya kupwa. Sasa alitoka na wawili, na mmoja wao mdogo wa kuonea haya. Wengine walilaumu mashamba ya chumvi, wengine majini, na wengine walisema ni Mungu tu. Mwalimu Damaris alileta chupa ya kioo, akatia kunde kiasi cha kikombe kimoja na fukusi sita, wadudu wa kunde, akafunga kifuniko chenye vitundu. Kila wiki waliimwaga na kuhesabu. Mwanzoni fukusi waliongezeka polepole. Kisha wakaongezeka kwa kasi ya kutisha, hata wanafunzi wakaanza kubahatisha watafika wangapi. Kisha kasi ikapoa. Mwisho idadi ikasimama, na wiki chache baadaye chupa ilikuwa unga mtupu na maiti ndogo nyeusi.

"Hakuna aliyewaua," Mwalimu Damaris alisema. "Chupa ndiyo iliyosema basi."

Kombe alikwenda nayo nyumbani maneno hayo kama mtu aliyebeba yai.

Akawaza hivi. Mkondo ni chupa, lakini chupa isiyo na kifuniko: vikaa vidogo huingia kutoka baharini, na majike wakubwa hutoka kwenda kutagia huko. Wakiwa wachache sana, hawaongezeki, kwa kuwa wa kuongeza hawapo. Wakijaa, hawaongezeki pia, kwa kuwa nafasi na chakula vimekwisha, na mkubwa humla mdogo. Katikati ndiko kwenye baraka. Mwindaji mwenye akili angewaacha wafike juu, kisha awarudishe katikati, na kila mara wangepanda tena kwa kasi ileile. Lakini katikati ni wangapi? Hapo lazima mtu ahesabu mkondo mzima, na mkondo mzima ulikuwa wa watu kumi na wanne, kila mmoja na siri yake.

Aliwaita kwenye kivuli cha banda la kupimia samaki. Walimcheka mpaka wakachoka. Walimwita Profesa wa Tope. Mmoja alisema mkewe amemzalia watoto saba na hajui hata shimo moja, sasa aende kumwonyesha mwanamume kwa penseli? Aliyewanyamazisha ni Kavumbi Kalume, rafiki yake Kombe tangu siku za chumvi, mtu mfupi asiyependa kusema mara mbili. Kavumbi alisema kwamba kwa namna wanavyokwenda, baada ya miaka miwili watakuwa wakifichana mashimo matupu.

Basi wakakubali, kwa kiapo. Mkondo utafungwa mpaka Kombe aseme idadi imesimama. Kwenye mlango wake walitundika ganda la konokono lililozibwa kwa kitambaa chekundu, kama wazee walivyofunga mashamba, na Waislamu miongoni mwao wakasoma Fatiha. Kombe naye aliapa kiapo cha peke yake mbele ya wote kumi na watatu: atakwenda na kila mmoja kwenye mashimo yake, atayatia kwenye daftari moja, na daftari hilo halitatoka mkononi mwake.

Mashimo yalikuwa mia na themanini na mawili. Hakuna mtu aliyewahi kuijua hesabu hiyo tangu mikoko iote.

Kila bamvua la mwezi mwandamo, siku za kujaa na kupwa kukubwa, maji yalipokupwa mchana, Kombe aliingia na daftari lililofungwa kwa plastiki. Hakuhitaji kumtoa kaa ili kujua yupo. Tope jipya mlangoni, alama ya miguu iliyoingia bila kutoka, maji yaliyochafuka: hayo yalitosha. Mwezi wa kwanza mashimo yenye kaa ndani yalikuwa ishirini na matatu. Mwezi wa pili thelathini na mawili. Kisha arobaini na sita, sitini na moja, themanini na mawili. Kila jioni ya hesabu Kavumbi alikuja kuketi ukumbini kwake kuutazama mstari ukipanda kwenye karatasi ya miraba, na hakusema kitu, ila siku ile hesabu ilipofika mia na moja aliposema kwamba mwanawe mkubwa, aliyekimbilia kazi ya ulinzi mjini, ameanza kuuliza habari za mkondo.

Halafu mstari ukaanza kulala. Mia na kumi na tisa. Mia na thelathini na tano. Mia na arobaini na tano. Mia na hamsini na mawili. Kombe alianza kukuta vipande vya magamba madogo kwenye milango ya mashimo makubwa. Mwezi wa kumi na moja walikuwa mia na hamsini na watano, na Kombe akaweka penseli chini. Mkoko ulikuwa umesema basi.

Alipanga kila kitu. Bamvua linalofuata watafungua. Kila mtu atatoa kaa mmoja katika kila wawili, na jike mwenye kifuniko kipana cha tumbo, yule aliye tayari kwenda baharini kutaga, ataachwa hata kama ni mkubwa kama sahani. Watabaki kama themanini, na karibu na themanini ndiko alikoona mstari ukipanda kuliko popote.

Jambo moja tu hakumweleza mtu. Katikati ya mwaka ule binti yake Sidi alikuja kumtembelea kutoka Kibarani, Kilifi, alikoolewa. Sidi ndiye mtoto wake pekee. Alimsomesha kwa jasho la chumvi na la tope hadi akamaliza kidato cha nne, na alijivunia hati yake ya mkono kuliko alivyojivunia kitu chochote kilichotoka kwake mwenyewe. Mumewe, Tevin, alikuwa na vizimba vya kunenepesha kaa kwenye hori la Kilifi, na Kombe alikwisha kusema hadharani kwamba siku atakapokufa mashimo yake yatakuwa ya Sidi na Tevin.

Sidi alimcheka babake kwa mapenzi, akampa chupa ya rangi nyekundu ya kucha, ili amtie kaa nukta nyuma ya jicho na kujua kama ni yuleyule anayehama shimo au ni mwingine. Fikra hiyo ilikuwa nzuri. Alitia nukta kaa ishirini, wakubwa watupu, wale ambao hawabadilishi gamba mara kwa mara. Kisha Sidi akalifungua daftari, akatazama ramani aliyoichora babake kwa mkono unaotetemeka, akasema kazi kubwa hivi haifai kubaki kwenye daftari la shule. Ataipiga picha, ataichora upya kwenye kompyuta, na babake ataipeleka ofisi ya uvuvi ikiwa imechapishwa na jina lake chini.

Jina lake chini. Kombe alikwenda kumimina chai kwenye kikombe, na nyuma yake simu ikawa inalia tik, tik, tik.

Wiki moja kabla ya kufungua, mwenzao mmoja alifiwa na mama huko Marafa. Wote kumi na wanne walikwenda matangani, kama ilivyo desturi; mtu hafiwi peke yake. Siku ya kuondoka Sidi alipiga simu kumjulia hali babake, akauliza watakaa siku ngapi, na mkondoni atabaki nani. Kombe alimjibu: siku nne, na hakuna. Ganda la konokono lipo.

Siku ya kufungua walikuja wamevaa mashati safi, kama watu wanaokwenda kwenye sherehe, na mashati waliyavua pembeni. Kavumbi alilitungua ganda. Waliingia kila mtu upande wake, na Kombe akabaki kwenye ukingo mgumu na daftari lake, akisubiri kuandika.

Wa kwanza alirudi kabla ya muda. Kisha wa pili. Walitoka mmoja mmoja kutoka mikokoni, mikono mitupu, tope mpaka mapajani, na hawakutazamana. Kavumbi alitoka wa mwisho. Alisema kila shimo lina mikwaruzo ya kulabu, ya siku tatu au nne, na kwamba kuna mashimo mawili chini ya mti wa mchu ulioanguka ambayo babake alimwonyesha akiwa karibu kukata roho, na ambayo hayaonekani hata ukiyakanyaga. Nayo yamekwaruzwa.

"Mimi nayajua," Kavumbi alisema. "Mungu anayajua. Na daftari lako."

Hakuna aliyepaza sauti. Yule wa watoto saba, aliyemcheka Kombe siku ya banda, alisema kwa upole uliouma kuliko tusi kwamba mkewe angalau hajui kusoma.

Kombe aliingia mwenyewe na kuhesabu, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichojua kufanya. Jua lilipofika utosini alikuwa amemaliza. Walibaki tisa. Wote wadogo.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wengine walitaka kuwatoa hao tisa palepale: kama mkondo una mwizi, bora aliyeapa ale kuliko mwizi. Kombe aliuona mstari wake ukishuka mpaka chini kabisa ya karatasi, pale ambapo hakuna wa kuongeza. Aliwaomba siku saba. Kavumbi alilitundika ganda tena kwa mikono yake, akasema: siku saba, mpaka Kombe alete jibu. Baada ya hapo kila mtu na lake. Akaongeza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo Kombe alilijua: kwa sheria yao, aliyevunja kiapo haketi barazani tena mpaka aitwe.

Siku ya pili Kombe alifika Malindi, mtaa wa Shella, kwa Msellem, mnunuzi wa kaa ambaye alikuwa akimpelekea mali yake kwa miaka ishirini. Msellem alikuwa mtu wa mji, mwenye maneno ya adabu na kofia nyeupe iliyotarizwa na nduguze. Alimkaribisha kwa kahawa na kumwuliza habari za nyumbani, za afya, za mvua, mpaka Kombe akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kuomba aone makreti.

Kaa walikuwa wamefungwa kwa ukindu, wamefunikwa magunia mabichi. Kombe alipiga magoti na kufunua gunia la kwanza, kisha la pili. Katika la tatu alimwona. Dume mkubwa, gamba la kijani lililokoza, na nyuma ya jicho la kushoto nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Chini yake mwingine. Na chini ya huyo, jike mwenye kifuniko kipana, mweusi kwa kukomaa.

"Huyu ulimchukuaje, Sheikh Msellem? Jike kama huyu?"

"Wallahi niliuliza, Mzee Kombe," Msellem alisema. Alikuwa ameanza kuelewa, na kahawa ikapoa mkononi mwake. "Nikamwambia, huyu yu njiani kwenda kutaga, vipi? Mkweo akanijibu: Mzee amehesabu, Mzee amesema mkondo umejaa, watolewe. Alikuja na salamu zako."

"Salamu zangu."

"Salamu nne kamili. Zako, za Kavumbi, za..." Msellem alichukua kisu, akalikata gando la yule dume, akachonga na kipande cha gamba chenye nukta, akavifunga kwenye gazeti na kumpa bila kuulizwa.

Sidi alikuwa anafua alipomwona babake akiingia uani, siku iliyofuata. Alimwamkia shikamoo kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililomchoma Kombe baadaye kila alipolikumbuka. Tevin aliyekuwa kizingitini alisema anakwenda kutazama vizimba, na hakurudi. Sidi alileta chai na mahamri. Kombe aliliweka gazeti mezani na kulifungua.

Sidi aliitazama ile nukta. Kisha akatazama kucha zake mwenyewe, na akavikunja vidole.

Alianza kwa kusema kwamba Tevin ndiye aliyekwenda, na mashua na watu watano, kwa upande wa bahari, mahali lisipoonekana ganda. Kombe alimwuliza Tevin alipewa na nani ramani. Sidi alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefumaniwa bali ya mwanafunzi anayejibu swali alilolisomea:

"Baba, wewe mwenyewe ulinichorea pale mezani. Ulisema mkondo ukijaa hauongezi kitu. Ulisema wakubwa wanawala wadogo. Basi tumechukua waliokuwa wakilana. Tumeharibu nini?"

"Nilisema nusu."

"Nusu ya nani? Wale wazee wangeshika nusu? Siku ya kwanza tu wangechukua wote na kukuachia daftari."

"Siku kumi na moja za bamvua hawakugusa hata mmoja, Sidi. Miezi kumi na moja. Walikuwa na njaa na hawakugusa."

Sidi aliangalia pembeni.

"Mmebakisha tisa," Kombe alisema.

"Mimi sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu."

Jogoo wa jirani alipita katikati yao na hakuna aliyemfukuza. Sidi alianza kulia, lakini alilia kwa hasira. Alisema vizimba vilikuwa vitupu tangu mwaka jana, Tevin alikuwa hazungumzi, hali chakula. Alisema mashimo yale ni yake; tangu akiwa mdogo babake alimwambia, Sidi, haya ni yako, na yeye amechukua chake mapema tu.

"Kumi na moja," Kombe alisema. "Niliyokuahidi ni kumi na moja. Mmeingia mia na themanini na mawili."

Sidi alijifuta uso kwa ncha ya leso, na alipozungumza tena alikuwa ametulia, na alikuwa amefikiri.

"Sema daftari liliibiwa. Siku za matanga nyumba haikuwa na mtu. Nani atakataa? Sema mwizi alivunja mlango. Hata mimi nitakuja kusema. Mimi ndiye mtoto wako, Baba, si wao. Ukinitaja mbele ya watu wale, sitakuwa na kwetu tena. Hata kukuzika sitaweza kuja."

Kombe hakunywa ile chai. Aliagana naye kwa upole, akamwekea mkono kichwani kama alivyofanya alipokuwa akienda shule, na akaondoka.

Njia nzima aliubeba ule uongo, na ulikuwa mwepesi. Ulikuwa uongo mzuri, hauna pembe. Mlango wake haukuwa na kufuli la maana. Kavumbi angeuamini, kwa sababu angetaka kuuamini. Kombe angerudi barazani. Sidi angekuja Krismasi na mahamri.

Alifika nao hadi nyumbani, akaketi mezani, akafungua daftari kwenye ukurasa wa mstari. Hapo aliuona uongo ulivyo. Kama daftari liliibiwa, basi aliyeliiba ni mtu ajuaye linachomaanisha, na wajuao ni kumi na watatu. Kila mmoja angemtazama mwenzake. Kila mmoja angesema moyoni: kabla hajaniwahi, nimuwahi. Siku ya nane wangeingia wote kwa kulabu kuwania kaa tisa, na hakuna ganda la konokono ambalo lingewazuia. Mwezi ule wa kwanza walianza na ishirini na watatu, na mstari ulipanda kwa sababu watu kumi na wanne waliaminiana. Tope na maji vilikuwepo miaka yote. Hilo la kuaminiana ndilo lililokuwa jipya.

Na Sidi alilijua hilo. Kombe mwenyewe alimchorea mstari ule.

Siku ya sita, asubuhi, alinoa penseli, kisha akaiweka akachukua kalamu ya wino, kwa kuwa penseli hufutika. Barazani hakuruhusiwa kuketi. Lakini hakuna sheria iliyomkataza kuandika. Wakati sheria ile inatungwa hakuna aliyejua kuandika.

"Kwa Kavumbi Kalume na wenzangu wote wa Mkondo wa Kidundu. Salamu.

"Niliapa kwamba daftari halitatoka mkononi mwangu. Lilitoka. Nililitoa mimi, mezani kwangu, mchana, nikawa namimina chai huku linapigwa picha, kwa sababu nilitaka kuona jina langu limechapishwa. Aliyepiga picha ni binti yangu, Sidi. Aliyewatoa kaa ni mumewe, Tevin, na watu wasio wa hapa, kwa mashua, siku tulipokuwa matangani Marafa. Siku hizo walizijua kwa sababu nilizitaja mimi kwenye simu. Katika ninyi kumi na watatu hakuna aliyehusika. Msitazamane.

"Kaa waliobaki ni tisa. Sitawadanganya. Hesabu yetu ya kwanza ilianza na ishirini na watatu, na wakubwa walikuwemo. Hii inaanza na wadogo watupu, na mstari wake siujui. Huenda ni mwaka, huenda ni miwili. Ninachokijua ni kwamba tukiwatoa hao tisa, hakuna mstari.

"Ramani nimeichoma leo asubuhi jikoni. Picha zake ziko Kibarani na siwezi kuzichoma, kwa hiyo kila bamvua lazima mtu abaki akilinda upande wa bahari, hata pakiwa na matanga. Idadi za kila mwezi nimezinakili kwenye ukurasa wa pili, maana idadi haimwonyeshi mtu njia. Mwalimu Damaris atamfundisha yeyote mtakayemchagua kuhesabu.

"Mashimo yangu kumi na moja si ya Sidi tena. Ni ya mkondo. Kavumbi amgawie aliyepoteza zaidi.

"Mkitaka kuipeleka barua hii kwa afisa wa uvuvi, ipelekeni. Nimetia sahihi kila ukurasa. Nimekosa. Naomba radhi. Kombe Sanga."

Aliisoma mara tatu. Kwenye neno Sidi wino ulikuwa umekoza, kwa kuwa kalamu ilisimama pale. Alifikiria kulikata na kuandika "mtu wa nyumbani kwangu". Alishika kalamu juu ya neno hilo mpaka mkono ukachoka. Kisha akaiweka.

Bahasha aliyopewa na Mwalimu Damaris ilikuwa ya zamani na gundi yake imekufa. Kombe alichukua kipande cha ugali baridi, akakilainisha kwa maji kidogo, akakipaka ukingoni kwa kidole gumba kisicho na ukucha, na kubana. Aliiweka chini ya jiwe la kusagia ili ishike. Alingoja. Nje alisikia pikipiki ya Charity, mwanamke aliyebeba abiria na mizigo kati ya Gongoni na mikokoni, ikipunguza mwendo kwenye kona.

Alitoka akampungia. Charity alisimama, akamwamkia, akauliza mzigo ni upi.

"Wa Kavumbi Kalume," Kombe alisema. "Mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine, hata akikuambia ametumwa nami."

Charity aliigeuza bahasha, akaona ugali umetoka kidogo pembeni, akaufuta kwa leso yake. Kisha akaitia ndani ya koti, akafunga zipu mpaka shingoni, na kuwasha pikipiki.